Kidole cha Mguu cha Ingelise

Mheshimiwa Daktari Mkuu, wauguzi wa wodi, wanakwaya wenzangu mliovutwa na keki yenye vibendera, na wewe Muuguzi Dagny unayestaafu leo:

Mimi Torkild ni fundi umeme. Miaka thelathini nimewaonya watu wa mji huu wasiguse nyaya. Halafu, miaka saba iliyopita, daktari ananiambia mke wangu Ingelise, ambaye kwa miezi minne amezama katika sonona, hali vizuri wala hasemi, na dawa zote zimegonga mwamba, atibiwe kwa umeme kichwani! Ingelise mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Mimi nikaficha funguo za gari asipelekwe.

Dagny akanipigia simu. "Bwana Torkild, tiba hii umeiona wapi?"

"Kwenye sinema. Mtu anafungwa kamba, anapiga mayowe."

"Basi njoo uone yetu. Na kile kipimo chako cha umeme uje nacho, kama kitakutuliza."

Nilikwenda nacho, ndugu zangu. Chekeni tu! Ingelise akalazwa kwa nusu kaputi, akapewa dawa ya kulegeza misuli, na Dagny akambana kifundo kimoja cha mguu kwa mkanda wa presha ili dawa isifike unyayoni, mtikisiko uonekane hapo tu. "Angalia kidole gumba," akaninong'oneza. Nikasubiri radi. Kidole kikachezacheza, Dagny akahesabu sekunde thelathini na nane, kikatulia. Basi! Birika la kahawa hutikisika zaidi.

Je, haikuacha alama? Iliacha. Sherehe ya miaka ishirini na mitano ya ndoa yetu haikumbuki kabisa, pamoja na hotuba yangu ya saa nzima. Mnasema amebahatika. Mimi iliniuma, na bado inaniuma.

Lakini baada ya mara ya sita alinitazama juu hadi chini, akasema, "Torkild, soksi zako hazifanani." Nililia kama mtoto.

Wanakwaya, niliwaambia yuko kwa dada yake. Nilidanganya. Niliionea aibu tiba iliyonirudishia mke, naye akabeba siri ambayo haikuwa yake. Ingelise, nisamehe mbele ya watu hawa. Dagny, bila simu yako leo ningekuwa mgane.

Mnamsikia huyo hapo mbele? "Torkild, keti, kahawa inapoa!" Miezi minne niliomba nikatizwe hivyo hivyo. Asanteni kwa masikio yenu. Mimi nimeamriwa kukaa.