Usalama wa Kiunoni

Kwenye basi la kwenda mtaa wa Lozells, mwanamume aliyewahi kumlinda tajiri mmoja Nairobi alimweleza nesi aliyeketi kando yake jinsi alivyokuwa akichomeka bastola kiunoni. "Mafunzo ya nini, dada? Unafunga kitufe cha usalama, basi."

Nesi akawaka. "Kaka yangu alisema hivyo hivyo! Akakaa kwenye kochi, ikafyatuka, na leo anachechemea. Hata kuendesha gari mtu hufunzwa. Nyinyi bastola mnajifunzia kwenye mapaja yenu?" Mimi niliyeketi nyuma yao nilikaribia kumpigia makofi.

"Huyo alisahau. Mimi sijawahi kusahau kufunga kitu," akajibu, akipapasa simu iliyokaa mahali pa bastola.

Basi likasimama. Simu ile, ambayo hakuwa amefunga vitufe vyake, ilikuwa imepiga nyumbani yenyewe. Kutoka kiunoni mwake sauti ya mwanamke ikafoka: "Dalmar! Dada gani huyo?"