Pikipiki Isiyobeba Ndizi

Ndani ya basi la Kisii, Lorna alimsikia mama aliyeketi mbele yake akimuuliza kijana wa magongo kilichomvunja mguu.

"Pikipiki, mama. Zile za mashindano, za kuruka matuta."

"Ulikuwa umebeba nani?"

"Haibebi mtu."

"Hata ndizi?"

"Hata ndizi."

Mama akaiwazia pikipiki hiyo. "Basi ulianguka bure."

Kijana akacheka. Alisema alifanya mazoezi mwaka mzima, akaumia katika mbio za kwanza, na leo daktari angeamua kama atarudi mashindanoni.

"Akikataa?"

"Nitambembeleza."

"Mimi nitaomba Mungu akusaidie, daktari akatae."

Lorna alitamani kumtetea kijana, lakini basi lilisimama penye hospitali. Mama akatangulia kushuka, akamnyooshea kijana mkono.