Pipi Tulizompelekea Toivo

Mgeni rasmi, Bi. Lorraine Sorvala, Kamishna wa Afya wa kaunti yetu, ndugu wanachama, na wewe Toivo uliyeketi karibu na mlango, mbali na pipi, kama tulivyokuagiza:

Sisi wanachama wa Chama cha Sauna cha Kettula tunakukaribisha, Mheshimiwa, kwa furaha, ingawa mwaka huu furaha yenyewe bado inachechemea.

HISTORIA NA MAFANIKIO

Chama kilianzishwa na babu zetu wachimba shaba. Kila Jumamosi tunatoka jasho kwenye chumba cha mvuke, tunajitupa thelujini, kisha tunakula pipi nyeusi za mzizi mtamu. Kuzikataa ni utovu wa adabu. Hatujapoteza mtu, ukiacha waliohamia Florida.

MSHTUKO

Februari, ndugu Toivo Kinnari, anayemeza vidonge vya presha vya kutoa maji mwilini, alishindwa kuinuka kutoka benchi la juu. Tukamtania kwamba benchi si urithi wake.

"Miguu haitaki, jamani," akasema. "Sitanii."

Moyo wake ulikuwa unakimbia, unasita, unakimbia. Njia ya hospitali ilikuwa imefungwa na theluji. Mashine ya kupima damu ya zahanati yetu ikatoa jibu palepale: potasiamu ilikuwa nusu ya inayotakiwa. Muuguzi Aili Ruonala alitueleza kwamba bila madini hayo misuli hulegea, na moyo nao ni msuli, unaweza kusimama. Akamlaza hapo zahanati, akamtundikia dripu.

Siku tatu kipimo kikawa kinapanda asubuhi, kinashuka jioni. Aili akamwambia Toivo atoe ulimi. Ulikuwa mweusi kama lami.

"Nani anamletea pipi?" akatuuliza.

Tukainua mikono. Sote. Mzizi ule hufukuza potasiamu mwilini, na vidonge vyake vilikuwa vinausaidia. Tulikuwa tunamuua kwa zamu, kwa ratiba ya kumtembelea tuliyoibandika wenyewe mlangoni.

Aliacha pipi, akabadilishiwa vidonge. Wiki ya tatu damu ilitulia, na daktari anasema moyo haukubaki na dosari.

OMBI

Tumesikia mashine ile itaondolewa Julai. Hospitali iko maili sitini na nane. Tunaomba ibaki.

Mheshimiwa, zawadi ya wageni wetu ni mkebe wa pipi hizo. Wako uko mezani, una utepe. Lakini umetuambia mlangoni kwamba nawe unameza vidonge vya presha, kwa hiyo Aili amesimama hapo na sindano ya kukutoa damu ya kupima. Jibu litatoka kahawa yako ikiwa bado ya moto.

Mungu aulinde moyo wako, na yetu arobaini na mmoja.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Sauna, Kettula, Michigan.