Miaka Ishirini na Miwili Chini ya Mbwa

Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2024. Asubuhi nyuzi nne chini ya sifuri, theluji nyepesi, upepo hakuna. Kesho saa nane mchana, Marjukka Hietanen anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu ya michezo ya video, hapa Tampere, kwa miaka ishirini na miwili.

Aliajiriwa tarehe 4 Novemba 2002 ili apokee simu. Wiki ya pili aliona kwenye skrini mzee aliyesimama darajani bila la kusema, akamwonea huruma, akamwandikia sentensi moja. Simu ikapewa mtu mwingine. Tangu hapo ameandika maneno ya michezo kumi na mmoja: walinzi, wachuuzi, mabibi wanaolalamikia magoti. Nimezihesabu sentensi zake. Ni 41,306.

Pia ametuokoa. Katika mchezo wa tatu farasi alikuwa akitembea kinyumenyume, na watengeneza programu walihangaika naye wiki nzima bila kufua dafu. Marjukka akampa mwenye farasi maneno haya: "Usimcheke. Anahakikisha hatufuatwi." Wachezaji walimpenda mno hata mchezo wa nne ikabidi arudi, na safari hii tulilazimika kumharibu kwa makusudi.

Hata hivyo, mkurugenzi wetu Ilkka Saarto alikuwa na msemo wake mikutanoni: "Maneno? Hayo Marjukka atayanyunyiza wiki ya mwisho, kama sukari juu ya mkate." Orodha ya majina inayopita mwishoni mwa mchezo huiandaa mimi. Ilikuwa na kichwa cha wachoraji, cha wanamuziki, hata cha aliyerekodi nyayo. Cha mwandishi hakikuwepo. Kwa hiyo nilimweka chini ya "Tunawashukuru pia", baada ya Turre, mbwa wa ofisi (wa sasa ni wa tatu kwa jina hilo). Mara moja tu, mwaka 2015, aliniuliza tukiwa kwenye mashine ya kahawa: "Outi, hivi Turre ameandika nini mwaka huu?" Nilicheka, nikarudi mezani, nisibadilishe kitu.

Vuli hii tulimuuliza anataka zawadi gani. "Saa ninayo, mpenzi, na vyombo vya maua vimejaa dirishani. Nataka wajukuu wangu waone jina langu chini ya neno Mwandishi." Ilkka akajibu, "Tutaangalia," na kwetu hilo maana yake ni hapana. Orodha ya mchezo wake wa mwisho ilikuwa ifungwe tarehe 15 mwezi huu, saa sita mchana.

Tarehe 14 walikuja wageni watatu kutoka Stockholm, wachapishaji wa mchezo huo. Niliandaa nakala ya maonyesho kwa orodha yangu ya ukaguzi yenye mistari 63: muziki, theluji, moshi, mbweko wa Turre. Yote niliitia alama. Mstari wa maneno haukuwemo, na orodha hiyo niliitunga mwenyewe. Nakala ikatoka bila neno hata moja.

Ilkka akashika vidhibiti. Kijiji kikatokea, kizuri ajabu. Bibi mmoja akafumbua kinywa, akakifumba. Kimya. Ilkka akaokota ndoo, akazunguka nayo dakika ishirini.

"Bosi, ng'ombe umeshampa ndoo mara tatu," alisema Jarkko wa programu.

"Si anaonekana kama anaitaka!"

"Anaonekana kama anataka polisi."

Wageni walianza kutazama saa. Mimi nilikuwa nikiipekua upya ile mistari 63. Ndipo Marjukka alipoweka kikombe chini, akasogea mbele, akasema kwa sauti ya yule bibi: "We kijana! Kinu kinaungua, na wewe unabembeleza ng'ombe?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Ilkka akakimbilia kinu. Kwa dakika thelathini na tano Marjukka alisema kila kitu kutoka kichwani: mlinzi, mchungaji mwenye mafua, watoto sita. Hata ng'ombe, asiye na maneno popote, alipata yake: "Nilishakwambia sitaki!" Mgeni mmoja, Gunvor Ahlstedt, alikuwa akifuta machozi.

"Huyu mama ni nani? Mbona simwoni kwenye orodha ya majina mliyotutumia?"

"Yupo," nikajibu. "Chini ya mbwa."

Ilkka alinigeukia, masikio mekundu. "Outi, orodha inafungwa lini?"

"Kesho saa sita."

"Basi kaa hapo hapo. Hata chooni usiende."

Alisimama nyuma yangu nikichapa. Mstari wa pili sasa unasomeka: Mwandishi, Marjukka Hietanen. Turre amebaki peke yake kwenye shukrani, na hajalalamika. Orodha yangu ya ukaguzi ina mistari 64, na wa kwanza ni maneno.

Marjukka, asante kwa kila mlinzi, kila bibi na yule farasi. Niwie radhi pia, maana mara kumi ni mkono wangu uliokuandika mahali pasipo pako. Nenda kando ya ziwa lako, sauna iwe moto, magoti yawe mepesi, na wajukuu wakusomee jina lako kwa sauti mpaka uchoke kulisikia.

Nimeifungua orodha mara nne usiku huu kuhakikisha. Jina lipo. Sasa nalala, saa nne na dakika kumi na mbili.