Nani Apiyo, Nani Adongo

Benchi la Tabby, muuza kahawa, ni taruma moja la reli, limelazwa juu ya mawe mawili mbele ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru. Linatosha watu wanne. Wa tano akija, lazima mmoja asimame. Saa tatu asubuhi birika limechemka, tangawizi inapanda puani, na kelele imeshaanza. Mzee Sitati, tunayemwita Signali kwa sababu alipunga bendera kwenye reli miaka thelathini, amekaa upande wa kivuli. Anayefuata ni Weldon, fundi wa stima, na hapa jina lake ni Waya. Micah, muuza filamu, ni Trela: hukusimulia mwisho kabla hujaona mwanzo. Katikati yao leo amekaa Nicodemus, mchomeleaji mageti, fomu ya hospitali mkononi. Kesho asubuhi madaktari watawatenganisha mabinti zake, mapacha wa miezi mitano waliozaliwa wameungana tumboni. Na kabla ya saa sita leo, fomu inataka majina.

— Si uandike tu, Nico? Waya akasema. Hata mimi Mkalenjin najua hiyo yenu Wajaluo. Pacha wa kwanza Apiyo, wa pili Adongo. Imeisha hiyo.

— Nani wa kwanza?

— Aliyetoka kwanza!

— Hakuna aliyetoka kwanza, Waya. Mama yao alipasuliwa. Daktari aliwainua wote pamoja, mikono miwili, kama mtu anatoa sufuria kwa jiko. Nimemuuliza mara tatu. Dakika ni moja, sekunde ni moja.

— Na mathe yako anasemaje? Tabby akauliza akimimina kahawa.

— Mama yangu Akeyo anapiga simu tangu alfajiri. Anasema nikikosea, mmoja atatembea maisha yake yote na jina la mwenzake. Na daktari naye hataki tena hiyo “Mtoto A” na “Mtoto B” wameandikwa mkononi. Anasema kesho wataingia kwa kitanda kimoja na watoke kwa vitanda viwili. Kila kitanda kiwe na mtu wake, kila chupa ya damu iwe na mtu wake.

Signali akakohoa. Signali akikohoa, ujue treni iko karibu.

— Hii kitu ni rahisi sana, akasema. Reli yetu maili zinahesabiwa kutoka Mombasa. Si ndiyo? Basi, siku walizaliwa, kitanda kilikuwa kimeelekea wapi?

— Mzee, nitajuaje?

— Ungejua! Mtoto aliyekuwa upande wa Mombasa ndiye Apiyo. Yule wa upande wa Kisumu ni Adongo. Hiyo ni sheria, haina fitina.

— Na kama kitanda kilikuwa kimeelekea Nyahururu? Tabby akauliza.

— Hiyo ni laini ndogo, Signali akajibu bila kucheka. Hiyo tunaongea baadaye.

Waya akasimama. Akisimama huyu, kahawa inamwagika.

— Wacheni mambo ya treni. Ni ini ndiyo wanashea, sivyo? Kila mmoja ana moyo wake?

— Kila mmoja na wake, Nico akasema, na hapo uso wake ukafunguka kama mlango. Walipigwa picha ya ndani Jumatatu. Mioyo miwili! Nimeiona kwa skrini, inapiga, huyu hivi, na huyu hivi. Haifuatani hata kidogo. Na ini daktari anasema likikatwa linaota tena.

— Linaota? Kama sukuma wiki?

— Linaota, Tabby. Naapa.

— Basi sikizeni, Waya akaendelea. Ini ni sanduku la fyuzi. Nyumba mbili, sanduku moja. Mwenye sanduku upande wake, huyo ndiye nyumba ya kwanza. Mwingine amevutiwa laini tu. Unaenda pale, unafinya mmoja kidogo, unaangalia kama mwingine atalia…

— Utafinya mtoto wa nani, wewe? Tabby akainua birika. Rudia tena nikuonyeshe stima.

Waya akakaa.

— Kwa filamu, Trela akasema, pacha wa kushoto huwa mbaya. Zote nimeona. Wa kushoto anataka kuiba, wa kulia anataka kwenda kanisani, na wameungana, kwa hivyo polisi wakija wanashika wote. Manze, kesi kortini! Wa kulia analia, “Mheshimiwa, mimi sikuiba, nilibebwa tu!”

Hata Nico akacheka, kahawa ikamtoka puani. Trela akaona njia imefunguka, akaingia nayo mzima.

— Kusema ukweli, buda, hao watoto ukiwachukua video dakika moja tu, uweke kwa simu, kufika jioni dunia nzima inawajua. Waache wapige kura! Watu milioni moja wachague nani Apiyo.

Kicheko kikakatika. Nico akaweka kikombe chini.

— Trela, unajua kwa nini kuna leso kwa dirisha la ile wodi?

— Hapana.

— Mama yao, Jepkemei, aliitundika. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanakuja na simu. Watu hawatujui, hawajabeba hata maziwa. Wanasimama, wanapiga picha, wanaenda. Mwanamke mmoja aliomba tuwageuze, hakuona vizuri pale wameungana. Tuwageuze! Kama viazi kwa soko.

Trela akavua kofia.

— Nisamehe, Baba Mapacha. Mdomo wangu hauna breki.

— Nimekusamehe. Hao ni wasichana wangu, si filamu.

Tabby akamjazia Nico kikombe. Kisha Waya, ambaye kimya humwasha, akasema:

— Ita wote Apiyo.

— Treni mbili, namba moja, reli moja! Signali akaruka. Unataka ajali?

— Basi wabadilishane. Jumatatu huyu Apiyo, Jumanne yule.

— Na shuleni? Na siku ya kuolewa? Bwana harusi atauliza kalenda kwanza?

Walikuwa bado wanagawana siku za wiki, Jumapili imewashinda, msichana akafika na ndoo ya waridi kichwani. Alisema anaitwa Joyline, ametoka Karagita na maua yaliyokataliwa shambani kwa kuwa na shina fupi, na anaomba kahawa. Signali akasimama kumpisha. Joyline akanywa, akasikiliza kitanda cha Mombasa, akasikiliza sanduku la fyuzi na kalenda. Kikombe kilipofika nusu akauliza kwa upole:

— Kwani mama yao huwaitaje?

Signali akamwangalia Waya, Waya akamwangalia Trela, Trela akaangalia ndani ya kofia yake. Wote tukamgeukia Nico.

— Sijui, Nico akasema.

— Miezi mitano?

— Mimi nikiingia nasema “watoto.” Nikitoka nasema “watoto.” Nilikuwa nikimuuliza daktari… Yeye sijamuuliza.

— Piga simu! Tabby akafoka. Weka sauti tusikie!

Jepkemei alishika mlio wa pili.

— Nico, uko wapi na hiyo fomu?

— Jepkemei, nani Apiyo?

— Si ni huyu aliyepakwa rangi nyekundu kwa kucha na manesi. Yule wa kijani ni Adongo.

— Umejuaje? Nani alitoka kwanza?

— Mimi hiyo sijui. Siku nilianza kuwanyonyesha, mmoja alishika titi, mwingine akaanza kelele. Nikamwambia, Adongo, ngoja. Akangoja. Tangu siku hiyo nikisema Adongo anageuka huyu, mwenzake hageuki. Nikisema Apiyo anageuka yule. Majina yao wanayajua, Nico. Ni wewe hujui.

— Na kwa nini hukuniambia?

— Wewe ulikuwa na daktari. Na mama yako. Sasa naona uko na benchi zima.

Signali akajikuna kisogo. Nico alikuwa amesimama, simu ameishika kwa mikono miwili.

— Waweke karibu niwaite.

— Ita.

— Adongo, akasema, na sauti ikamtoka ndogo, kama ya mtu anayebisha nyumba ya wageni.

Simu ikatoa mkoromo mdogo, halafu kilio cha furaha kama cha ndege.

— Amegeuka! Jepkemei akasema, akicheka. Ita huyu mwingine.

— Apiyo. Apiyo wangu.

Tulisubiri. Hakuna aliyemeza kahawa.

— Amegeuka?

— Hapa kwangu hajageuka, Jepkemei akasema. Anaangalia mlango unaoingilia wewe.

Nico hakukata simu. Alianza kutembea nayo, fomu kwapani, kisha akakimbia kuelekea hospitali, na mpaka anapinda kona tulikuwa tunamsikia akiita, huyu, kisha yule, huyu, kisha yule.