Nne Bila na Kiatu Kimoja

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, katikati ya duka la Kinyozi na kibanda cha Fundi Viatu. Asubuhi ile tuliukalia kama watu waliotoka kuzika. Jana yake timu yetu ilivuka reli kwenda kucheza na watani wetu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, ikafungwa nne bila. Kwa desturi yetu mechi ya ugenini hutumwa mtu mmoja, maana hatuwezi kufunga kazi sote, naye akirudi ndiye msimulizi. Safari hii alikwenda Fundi. Sasa alikuwa nyuma ya sanduku lake la kazi, gunia limemfunika miguu, sindano mkononi, na hajasema neno. Mabao matatu kati ya yale manne yalifungwa na namba tisa wao, na namba tisa huyo ni mwana wa Fundi, wa kumzaa, aliyejifunza kupiga mpira mbele ya ubao huu huu. Alipohamia kwa watani miaka miwili iliyopita, kijiwe kilipitisha sheria: atakayelitaja jina lake atakunywa kahawa amesimama wiki nzima. Fundi ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa hai, aliisikia kura ile kutoka dirishani, akaniambia ni sheria ya kitoto. Sikulifikisha neno lake.

— Nne! — alisema Kinyozi. Alikuwa amemwacha mteja kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. — Nne, jamani! Hata mbuzi wangu hajawahi kuzaa wanne.

— Mi bado nasema redio imekosea, — alisema Breki, dereva wa lori. Lori lenyewe lilikuwa kando ya barabara, injini inaunguruma. — Pengine ilikuwa nne kwa tano. Tano yetu ikakatika na umeme.

— Breki, baba, kunywa kahawa, — alisema Mama Birika, muuza kahawa wetu. — Umeshtuka.

— Nishtuke mimi? Haya, mimina, mama; dereva hashtuki.

— Ni nyasi, — alisema Kinyozi. — Walimwagilia upande wetu tu, tuteleze. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mgema kaingiaje uwanjani?

— Si ndiye mtunza nyasi! Walimsifia wiki nzima, akatia maji.

— Lakini kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, — nikasema.

— Mwalimu, leo usituletee hesabu. Maji nayo yalihama.

Breki aliweka kikombe chini.

— Mimi kinachoniuma ni ile faulo ya bao la pili. Tumejenga ukuta wa watu watano. Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Haya, ukuta tumejenga. Ufa ulikuwa wapi?

— Juu, — alisema Mama Birika.

— Juu hakuna ufa, mama. Juu ni wazi tu.

— Nisikilizeni, — alisema Kinyozi, akipunguza sauti. — Reli. Treni ya mizigo inapita saa ngapi?

— Saa kumi na dakika kumi.

— Na bao la kwanza?

— Saa kumi na dakika kumi na mbili.

— Mmeona! Ardhi imetikisika, goli limesogea! Kipa wetu karuka pale pale anaporuka siku zote, maskini, goli halipo!

— Lisogee mara nne?

— Kwani treni ina mabehewa mangapi?

Hakuna aliyewahi kuyahesabu. Breki alipiga mluzi mrefu.

— Basi mechi irudiwe, — alisema. — Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo lazima warudie.

— Si mumuulize Fundi? — alisema Mama Birika. — Yeye ndiye aliyeona.

Kinyozi alikohoa. Alichagua maneno kama mtu anayevuka matope.

— Fundi, ndugu yangu. Yule... yule mwenye tisa mgongoni. Alifungaje?

Fundi alilowesha uzi kwa ulimi, akalikosa tundu la sindano.

— Kwa mguu, — alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu arudi.

Ndipo akafika Nesi, mpangaji mpya wa nyumba ya kona, ametoka zamu ya usiku. Mkononi alishika kiatu cheupe kilichoachama soli.

— Hamjambo?

— Hatujambo, dada.

Alituangalia mmoja mmoja.

— Kuna msiba?

— Tumefungwa.

— Poleni.

Aliinama kumpa Fundi kile kiatu, na goti lake likalisukuma gunia.

— Fundi, — aliuliza, — kiatu chako kingine kiko wapi?

Sote tukatazama. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cha ngozi ya kahawia, kazi ya mikono yake mwenyewe, kinang'aa. Wa kushoto ulikuwa na soksi tu, imejaa vumbi, kidole gumba kiko nje. Hivyo ndivyo alivyovuka reli kurudi nyumbani. Tangu asubuhi tulikuwa naye hatua tatu, tumechambua nyasi, ukuta na treni, na hakuna aliyetazama chini.

— Kimechukuliwa! — alisema Kinyozi. — Watani wanakizika kiatu cha mgeni chini ya goli! Jamani, tumepata jibu!

— Nimemuuliza yeye, — alisema Nesi.

Fundi aliweka sindano chini. Alisimama kwanza, ndipo akasema:

— Kisigino anacho.

Birika lilibaki hewani mkononi mwa Mama Birika; miaka miwili jina hilo la mwanawe halikuwa limetajwa kijiweni.

— Alipofunga la kwanza hakushangilia. Alikuja mbele ya jukwaa letu, anatafuta mtu. Watu wakaanza, msaliti, msaliti. Na mimi nikaitikia. Mkono ukavua kiatu. Sijui ulivuaje. Kikampata hapa. — Aligusa bega. — Akakiokota, akakigeuza, akatazama soli. Mimi kisigino nakishona mara mbili, mwanangu anaujua mshono ule tangu hajaweza kufunga kamba. Akainua macho. Tukaonana.

— Akakurushia? — aliuliza Breki.

— Alikipeleka kwenye benchi lao, akakiweka chini, taratibu, kama unavyoweka kiatu mlangoni kwenu. Halafu akaenda kufunga mengine mawili.

— Kinyozi, — aliita mteja kutoka ndani, — upande wa pili je?

Kinyozi hakugeuka. Breki alikuwa anatazama kikombe chake.

— Sheria ni sheria, Fundi, — alisema polepole. — Wiki nzima, wima.

— Si nimeshasimama.

— Mama watoto alisema sheria hii ni ya kitoto, — nikasema.

Walinigeukia. Ilikuwa miezi minne tangu wanisikie nikimtaja.

— Alisema lini, Mwalimu?

— Siku ile ile tuliyopiga kura.

— Sasa mbona hukutuambia?

Nilitazama kikombe changu. Yalibaki mashapo tu. Nilimnyooshea Mama Birika. Akaliinamisha birika, akangoja, likatoka tone moja.

Fundi alichukua ndala ya kushoto iliyosahauliwa na mteja wa zamani, akaivaa.

— Dada, kiatu chako kesho. Kinyozi, niangalizie kibanda.

— Unakwenda wapi na ndala ya watu?

— Kuchukua kiatu changu.

— Fundi, panda nikuvushe! — aliita Breki, akikimbilia lori.

Alipunga mkono bila kugeuka. Alikwenda kwa miguu, mmoja juu mmoja chini, maana ndala haina kisigino. Alipofika relini alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, ingawa treni ya mizigo haipiti asubuhi. Kisha akavuka.