Paji la Kosgei Lagongwa kama Gogo

Nje ya kiwanda kimoja cha mbao huko Elburgon kuna benchi moja la mti wa mtarakwa, birika moja la kahawa, na Kamande, anayeitwa Profesa kwa sababu amefika Kampala na Kigoma, na kote huko aliwafundisha wenyeji kazi yao bila kuombwa. Leo somo lilikuwa paji la Kosgei, mpasua mbao wa kiwanda hicho. Jana msumeno ulirusha ubao ukamgonga juu ya nyusi. Paji likabonyea kama sufuria ya hoteli. Kliniki ikampa barua: akapigwe CT scan, picha ya ndani ya kichwa, huko Nakuru kabla ya upasuaji.

— Scan ya nini, na shimo tunaliona? Kamande akauliza. Si ni kuvuta tu nje, kama mlango wa gari?

— Daktari amesema nyuma ya huu mfupa kuna chumba cha hewa, Kosgei akajibu polepole. Ukuta wa mbele umevunjika. Anataka kuona wa nyuma, kwa sababu hapo ndipo ubongo umeegemea.

— Hewa kichwani! akacheka Mwaura, dereva wa lori aitwaye Breki kwa vile hazitumii. Basi hiyo ni tairi. Tia pampu puani, paji litarudi lenyewe.

— Nyamaza, Breki. Mimi nimechagua magogo miaka ishirini. Gogo bovu nalijua kwa kuligonga.

Kamande akainuka, akamgonga Kosgei pajini, kando ya shimo, mara mbili kwa kidole, akatega sikio.

— Mzima huyu. Ukuta wa nyuma uko sawa. Kunywa kahawa, boss.

Kosgei akashusha pumzi, akairudisha barua mfukoni.

Hapo ndipo mkewe, Jepchumba, alipofika na sweta la mumewe mkononi.

— Wazee, nauliza tu. Tangu asubuhi akiinama, maji yanamtoka pua moja, maangavu kabisa. Na hana mafua. Yanatoka wapi?

Tone la maji hayo likamwangukia Kosgei gotini. Kamande akakumbuka mtarakwa wa mwaka jana, aliougonga akaapa kuwa ni mzima. Ulipopasuliwa, ndani ulikuwa unga mtupu.

— Profesa? Jepchumba akamhimiza.

— Sijui, mama.

Benchi zima likamgeukia. Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake, Kigoma wala Kampala.

— Hiyo mashine ya scan inampasua kwa picha, ubao kwa ubao, bila msumeno, akasema. Mimi nimegonga ganda tu, na huenda hayo maji yanavuja kutoka kwenye ubongo. Kosgei, toa hiyo barua. Breki, washa lori twende Nakuru.

Akamwaga kahawa yake chini.

— Na leo breki uzitumie.